Sumu katika Tangi la Umoja

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi ya Jumatano, mfagizi wa kiwanja cha maji aliinua macho akaona mfuniko wa tangi A umeachwa wazi. Alipanda ngazi ya chuma, ufagio mkononi, akachungulia. Kopo la dawa ya mende lilikuwa likielea, na maji yamegeuka meupe kama ya chokaa. Hakupiga kelele. Alishuka taratibu akaenda kwa Mwenyekiti, maana kwa wiki tatu nzima Mwenyekiti alikuwa akiwaambia watu kwamba wakiona jambo lolote waende kwake kwanza. Kelele akapiga Mwenyekiti, tena kwa kipaza sauti.

Kufikia saa moja, nyumba zote mia mbili na kumi na mbili za Umoja wa Maji zilikuwa zimemwaga kila tone: ndoo, birika, hata maji ya kusukutulia. Saa moja na robo walinzi wa mtaa wakamtoa fundi pampu kitandani, wakamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Polisi waliitwa saa moja na nusu, mambo yalipokwisha kuvurugwa, kama ilivyo desturi ya watu wenye haraka.

Inspekta alifika saa mbili kasorobo akiwa na konstebo mmoja, daftari moja na jino bovu moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiyependa kuambiwa jambo ambalo mwambiaji hakuliona kwa macho yake. Siku hiyo angeambiwa mambo ya namna hiyo hadi achoke.

"Mhalifu tunaye tayari," Mwenyekiti alimpokea langoni. "Kazi yako imekwisha, afande. Andika tu."

"Huwa siandiki tu," Inspekta alisema, akalishika shavu lake. "Nani ameingia chumba cha pampu tangu asubuhi?"

"Hakuna. Niliweka walinzi wawili mlangoni saa moja kasorobo. Nikawaambia hata mimi wasiniruhusu. Maji nimeyafunga kwa koki kubwa ya hapa langoni. Ufunguo wa fundi walinzi wamempokonya, huu hapa."

Inspekta alipanda tangini kwanza. Kufuli la mfuniko lilikuwa limekatwa. Alichota maji katika chupa mbili, moja ya tangi A na nyingine ya yale yaliyosalia katika bomba la barabarani, akampa konstebo azipeleke kwa mkemia upesi. Halafu akafungua chumba cha pampu. Mlango ulikuwa mzima, haujaguswa hata kwa bisibisi. Ukutani ulining'inia mkasi mkubwa wa kukatia chuma, na kwenye meno yake kulikuwa na alama mpya inayong'aa. Kando yake palikuwa na ubao mweusi wenye mwandiko wa chaki: MAJI YANATOKA B. A IMEPUMZIKA, ITAOSHWA.

Alinakili maneno hayo neno kwa neno. Wakati huo aliyaona ni habari za mafundi tu.

Simu ya mkuu wake ilimkuta hapo hapo. "Saa kumi alasiri Umoja wana mkutano wa dharura. Saa kumi hiyo hiyo jalada la fundi liwe mezani kwangu. Kujaribu kuua mtaa mzima! Hiyo haina dhamana, na kifungo chake ni cha maisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Sijui tu kama ni yeye."

"Watu wanaogopa, Inspekta."

"Hilo nimeliona. Ndiyo maana hawaoni kitu kingine," alisema, akakata simu kabla hajatukanwa.

Saa mbili na nusu alikuwa sebuleni kwa Mwenyekiti. Mke wa Mwenyekiti alileta chai, mvuke ukipanda, na pembeni mjukuu wa miaka mitatu alikuwa akinywa uji na kujipaka nusu yake mashavuni. Mwenyekiti alikunywa chai yake kwa funda kubwa kubwa. Inspekta alisogeza kikombe chake mbali. Jino halikuwa na mchezo na kitu cha moto.

"Karibu chai, mama," mke alihimiza. "Usidhani nitakukosea. Maji nilikinga bombani saa kumi na mbili, kabla baba hajayafunga."

"Asante, ni jino tu. Mwenyekiti, chumba cha pampu uliingia lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita, wakati wa ukaguzi. Mambo ya pampu namwachia fundi, na fundi mwenyewe hatujasemeshana wiki mbili, tangu atangaze kugombea kiti changu. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi hii."

"Ulikuwa?"

"Utawezekanaje, afande? Watu wanatiliwa sumu! Mkutano wa leo utapitisha Kanuni za Dharura." Alimsogezea karatasi iliyopigwa chapa vizuri, isiyo na kosa hata moja. Uchaguzi uahirishwe hadi hali itakapotengemaa. Kiongozi wa Umoja apewe uwezo wa kumfukuza mwanachama bila kikao. Watu zaidi ya watano wasikusanyike. Kila nyumba iripoti nyendo za jirani yake. "Tunahitaji nusu ya nyumba na moja zaidi. Kura mia moja na saba. Jana nisingezipata. Leo, ole wao hao maadui."

"Karatasi hii imepigwa chapa lini?"

"Asubuhi hii."

Inspekta alizitazama kurasa nne zile, akaitazama saa yake.

"Na ufunguo wa pili wa chumba cha pampu?"

"Ofisini kwangu, ndani ya bahasha, imepigwa muhuri wa Umoja."

"Muhuri anakaa nao nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Kuanzia saa tatu alihoji mashahidi chini ya ukuta wa ofisi, na hapo ndipo alipotamani kung'oa jino kwa mkono ili apate maumivu ya aina nyingine. Kila mtu alikuwa amemwona mhalifu. Muuza vitambaa alimwona mrefu, amevaa koti. Mwalimu mstaafu alimwona mfupi, kifua wazi. Dada wawili wa nyumba ya kona walimwona ana ndevu, ila mmoja alisema ndevu zilikuwa za bandia.

"Ulimwona wapi, ndugu yangu?" alimuuliza wa saba.

"Mimi hasa sikumwona. Ila nilihisi."

"Ulihisi nini?"

"Kwamba yupo."

"Haya. Nenda nyumbani ukahisi huko."

Jambo moja tu walikubaliana wote: kama fundi alikuwa na mwenzake, basi ni yule mgeni wa nyumba ya sitini na moja. Kwa nini? Kwa sababu amehamia juzi. Kwa sababu hasalimii. Kwa sababu hutoka alfajiri na mfuko na kurudi mchana na mfuko. Tena Mwenyekiti mwenyewe alisema kwenye kipaza sauti wiki tatu zilizopita kwamba kuna watu wanayaonea wivu maji yetu, na wiki iliyofuata akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wiki iliyofuata paka akafa karibu na kisima. Paka alikuwa mzee wa miaka kumi na saba, lakini nani anajali umri wa paka siku hizi.

Mgeni wa sitini na moja alifungua mlango nusu. Nyusi zake zilikuwa na unga.

"Mimi ni mwoka mikate," alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Naingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Mfuko una aproni. Unaweza kuukagua, mama. Wameshaukagua mara tatu wiki hii, na mkate wangu wameula."

"Leo ulipita kiwanja cha maji saa ngapi?"

Akaanza kuurudisha mlango.

"Kaka, nina jino linanitoboa hadi sikioni. Nihurumie."

"Saa kumi na nusu. Taa ilikuwa inawaka chumba cha pampu. Na mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Niliusikia ukigeuka."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani?" Mwoka mikate alicheka kicheko kikavu. "Mgeni akisema ameona taa, kesho wanasema aliiwasha yeye. Nina watoto, mama. Nimejifunza kutokuona."

Inspekta alishikwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mtu mmoja katika mtaa mzima ameona kitu, naye ndiye anayeogopa kusema. Walioona hewa wamepanga foleni.

Saa tano alikuwa kituoni. Kwenye benchi la nje aliketi mama wa fundi, mwanamke mkavu mwenye kitambaa kichwani, kandambili zikiwa zimepishana rangi, ishara kwamba alitoka nyumbani mbio.

"Mama Inspekta, shikamoo."

"Shikamoo wewe, mama yangu, umenizidi umri."

"Walikuta kopo la dawa ya mende chini ya kitanda changu. Lakini kila nyumba inalo! Umoja wenyewe uligawa, Mwenyekiti alipita mlango kwa mlango. Sina mtoto mwingine. Huyu ndiye macho yangu."

"Nimesikia. Kaa hapo, kunywa maji."

"Maji?" Mama aliruka kidogo. "Siyanywi tena maji mimi."

Ndani ya mahabusu fundi pampu alikuwa amekaa sakafuni, mdomo umevimba. Hakuwa na unyenyekevu wa kutosha kwa mtu wa hali yake, na Inspekta akampenda kwa hilo.

"Ufunguo wa kufuli la tangi unao nani?" alimuuliza.

"Mimi peke yangu. Uko kiunoni usiku na mchana. Walinzi hawakuona hata haja ya kuuondoa, huu hapa."

"Basi kwa nini ukate kufuli unaloweza kulifungua?"

"Ndiyo nawauliza tangu asubuhi! Wananiambia nimejifanya. Nikikata, nimejifanya. Nisipokata, ni mimi mwenye ufunguo. Hapo nachomokea wapi?"

"Ubao wako unasema maji yalikuwa yanatoka B."

"Ndiyo. Kwa kawaida nahamisha kila Alhamisi, mtaa mzima wanajua, wiki hii zamu ya A. Lakini jana niliona A lina ufa. Saa kumi na mbili jioni nikafunga A, nikafungulia B, nikaandika ubaoni, nikafunga mlango. Nilitaka leo nimwage maji ya A nilioshe, nizibe ule ufa."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Ningemwambia nani? Nilikwenda kula nikalala."

"Umewaambia walinzi asubuhi?"

"Walinipiga mdomo, mama. Ningesema kwa goti?"

Saa sita na nusu mkemia alipiga simu. Chupa ya tangi A ilikuwa na sumu ya kumlaza ng'ombe. Chupa ya bomba ilikuwa safi. Inspekta aliandika, kisha akakaa kwa muda mrefu na kalamu kinywani upande usiouma. Daktari wa meno alikuwa akimngoja saa nane. Saa nane ikapita.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Aliyeingia chumbani alitumia ufunguo, kwa hiyo ni fundi au mwenye bahasha. Aliyekata kufuli hakuwa na ufunguo wa tangi, kwa hiyo si fundi. Hofu hii ilimwondolea fundi kiti alichokuwa anakaribia kukikalia. Huo ni wazimu gani wa mtu kujichomea nyumba akiwa ndani? Yote hayo yalikuwa mazuri, na wakili yeyote wa kukodi angeyapangua kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wake angeyapangua kwa neno moja: amejifanya.

Kisha akaikumbuka chai, akapiga meza kwa kiganja hadi konstebo akashtuka. "Mjinga mimi!" alisema. "Nimekaa mbele yake akinywa!"

Saa tisa kamili aliingia ofisi ya Umoja. Mwenyekiti alikuwa akisahihisha hotuba yake. Makamu, mwanamume mpole mwenye miwani na faili kwapani, alikuwa akipanga viti. Inspekta alimwambia Makamu abaki awe shahidi, na konstebo asimame mlangoni.

"Mwenyekiti, nina habari mbaya," alisema. "Nimetoka kwa fundi. Kile alichoandika ubaoni hakukifanya. Aliandika kwanza, kisha koki ikamkwamia, akaenda kulala. Tangi A ndilo lililokuwa likitoa maji hadi ulipofunga."

Mwenyekiti aliinuka, kiti kikaanguka.

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Haiwezekani! Maji yalikuwa ya B! Iliandikwa wazi, A imepumzika!" Tayari alikuwa na simu sikioni. "Mama! Mtoto yuko wapi? Anatapika? Mtazame macho! Uji ule, mtazame mtoto!"

Inspekta alimwacha amalize. Hakufurahia. Aliitoa simu mkononi mwake polepole, akamwambia mwanamke aliyekuwa akilia upande wa pili kwamba mtoto ni mzima, maji ya bomba yamepimwa ni safi, asamehe usumbufu. Kisha akakata.

"B ndiyo iliyokuwa inatoa," alimwambia Mwenyekiti. "Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Nimekudanganya. Nimekutisha kupitia mtoto, na sijisifii. Lakini sasa niambie: ubao uliandikwa jana saa kumi na mbili jioni. Tangu saa moja kasorobo leo mlango ulikuwa na walinzi wako, na humo nimeingia mimi tu. Wewe mara ya mwisho uliingia mwezi uliopita. Uliusoma saa ngapi?"

Mwenyekiti alikitazama kiti kilichoanguka.

"Mtaa mzima umemwaga maji, hadi ya mswaki. Mama wa fundi hanywi hata ya kituoni. Wewe ulikunywa chai mbele yangu, na mjukuu wako uji, maji ya bomba ya saa kumi na mbili. Ni wewe peke yako uliyekuwa huna hofu, Mwenyekiti. Hilo ndilo lililonisumbua."

Makamu aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mwenyekiti aliokota kiti, akakaa kama mtu aliyetembea safari ndefu. "Sikutaka mtu afe," alisema. "Nilikwenda kuchukua ule mkasi. Nilitaka kopo likutwe tu juu ya mfuniko. Nikausoma ubao, nikamshukuru Mungu. Nikaona naweza kutia kweli, na asidhurike mtu."

"Na fundi? Kifungo cha maisha si kudhurika?"

"Angenishinda, afande! Miaka kumi na mbili nimewaletea maji, halafu waje wanihesabie kura kama mtu wa jana?" Sauti ilimpanda. "Nilianza na neno dogo tu. Nikasema kuna watu wanatuonea wivu. Sikutaja mtu. Kesho yake wakaniletea majina wao wenyewe! Nikasema mlango wa mkutano ufungwe mapema, wakanishukuru. Mtu akiogopa hakuulizi mapato wala matumizi, hakuulizi muhula wako unakwisha lini. Anakuuliza, tufanye nini, baba? Wewe hujawahi kuitwa baba na watu elfu moja. Ni vigumu kurudi kuitwa ndugu."

"Inuka," Inspekta alisema. "Umenichosha."

Saa kumi kamili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Fundi pampu aliingia na mdomo wake uliovimba, mama yake amemshika mkono wa shati kama mtu anayevuka barabara na mtoto. Inspekta alipanda jukwaani akawaeleza yote, hatua kwa hatua, saa kwa saa, kwa maneno mepesi. Aliwaambia hakukuwa na adui. Hakukuwa na mrefu wala mfupi, wala ndevu za bandia. Kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kiti, na wengine wote walimsaidia kwa kuogopa. Mwalimu mstaafu alitazama viatu vyake. Kisha mtu akapiga makofi, na wote wakapiga, na wanawake wakamkumbatia fundi, na mwoka mikate akapeana mikono na watu waliomlia mkate wake. Inspekta alishuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo jino lilikuwa limetulia.

Ndipo Makamu alipoinuka na faili lake.

"Ndugu wanachama," alisema kwa upole, "tumshukuru Inspekta. Lakini tujiulize. Kama Mwenyekiti wetu mwenyewe, tuliyemwamini miaka kumi na mbili, ameweza kututilia sumu, basi nani hawezi? Leo nani anamjua jirani yake?"

Vichwa vikageuka huku na huku.

"Kwa muda tu, hadi hali itakapotengemaa, napendekeza Kanuni hizi." Alizitoa zile karatasi nne. Hakuwa amebadilisha hata nukta. Zilisema kiongozi wa Umoja, na tangu saa tisa na nusu kiongozi wa Umoja alikuwa yeye.

"Jamani, hapana!" fundi alipaza sauti. "Uchaguzi ni Jumamosi! Siku tatu tu! Mnampa mtu mwingine kisu kile kile?"

"Tazameni anavyokiharakia kiti," mtu alisema nyuma. Mwingine akasema, "Lakini lile kopo chini ya kitanda lilikuwa la nini, hasa?"

Inspekta alisimama. "Nyinyi watu mmenisikia? Mmesikia hata neno moja?"

"Mama, polisi haina kura hapa," Makamu alimkumbusha, kwa heshima zote. "Nyumba moja, kura moja. Wanaokubali."

Mikono ikaanza kupanda. Ilipanda kwa aibu, mmoja mmoja, kila mtu akimtazama jirani kwanza. Makamu alihesabu kwa kalamu: themanini, tisini na mbili, mia moja na tatu. Dada wa nyumba ya kona. Muuza vitambaa. Mia moja na sita. Kalamu ikasimama hewani, imebaki kura moja. Mikono mingine ilikuwa imebaki mapajani.

Nyumba ya fundi ilikuwa kwa jina la mama yake. Fundi hakuwa na mkono wa kuinua wala wa kushusha. Alihisi vidole vikiliachia shati lake, akageuka.

"Mama?"

"Nimekupata leo, baba," mama alisema, machozi yakimtoka. "Tusiwaudhi hawa. Kesho wakikujia tena, nitamwita nani?"

Akainua mkono, na Makamu akamhesabu.